Digidigi na Matanga ya Kunde

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba, wanafagia uwanja na kuombana chumvi, palikuwa na mama mmoja mdogo aitwaye Digidigi. Nikisema mdogo, namaanisha mdogo hasa. Akisimama kwenye majani ungeona masikio tu. Chini ya kila jicho alikuwa na alama nyeusi, kama mtu aliyelia jana, kwa hiyo wengi walimdhania mnyonge.

Wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole. Mimi mwenyewe sisikii ninachosimulia.

Digidigi alikuwa mjane. Mumewe, fundi wa kufuga nyuki, alifariki akamwachia mtoto mmoja wa kike, Chausiku, na mizinga mitupu nyuma ya nyumba. Majirani wakamwita Mama Chausiku. Mbele ya nyumba yake palikuwa na uwanja. Upande mmoja alipanda kunde, upande mwingine karanga, na katikati aliacha nafasi ya kuanikia mtama na ya Chausiku kuchezea. Hawakuwa na shamba jingine. Walichokula mwaka mzima kilitoka hapo.

Sasa sikilizeni ubaya. Uwanja ule haukuwa na ua, na Mama Chausiku alikuwa na watani.

Utani mnaujua. Mtani wako anakutukana, nawe unacheka. Anaingia kwako anachukua kuku, na ukinuna wewe ndiye mbaya. Lakini utani una upande wa pili, na huo wengi hupenda kuusahau. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuchimba kaburi, kuchota maji na kupasua kuni. Anakutania huku jasho linamtoka. Huo ndio utani wa kweli.

Watani wa Mama Chausiku walikuwa Tembo, Nyati na Ngiri. Hao waliujua upande mmoja tu, upande wa kula.

Kila asubuhi ilikuwa hivi. Puu! Puu! Puu! Tembo huyo, katikati ya uwanja. Hakupiga hodi wala hakutoa salamu.

"We Mama Chausiku! Miguu kama vijiti vya kuchokolea meno! Kunde zako leo tamu?"

Chwa-chwa-chwa! Tuta zima limekwisha.

Kisha, brrruuu! Nyati anakuja mbio, anasimama juu ya mtama ulioanikwa, anaumwaga vumbini. "Mtani! Umeamka au bado unaota urefu?"

Nyuma yao Ngiri, amepiga magoti kama kawaida yake, pua chini, anafukua karanga. Ngwe! Ngwe! Ngwe! "Aa, mtani, mwaka huu karanga umezipanda ndogondogo kama wewe!"

Halafu wote watatu wanacheka. Mama Chausiku akinung'unika, wanaangaliana.

"Huyu vipi? Hajui utani?"

"Hana ucheshi!"

"Mdogo wa mwili, mdogo wa roho!"

Mimi nikifika hapa nawaka hasira! Yule mume alipofariki, hawa watatu walikuja matangani. Walikaa mbele ya chungu cha kande, wakala mpaka wakakwangua ukoko, wakajifuta midomo, wakaondoka. Jembe hawakuligusa. Kaburi la mumewe lilichimbwa na Mama Chausiku mwenyewe, kwa kwato zile nyembamba, mtoto kambeba mgongoni. Na watu hao bado wanajiita watani!

Basi siku moja Mama Chausiku akaenda kwa Kobe. Kobe ndiye aliyekuwa jumbe wa mtaa.

"Hodi hapa, Jumbe."

"Karibu, mama. Karibu kigoda."

"Jumbe, naonewa. Naliwa chakula cha mtoto wangu."

"Na nani?"

"Tembo, Nyati na Ngiri."

Shingo ya Kobe ikaanza kurudi ndani taratibu. "Ah. Hao si watani wako, mama? Ni utani tu huo. Vumilia."

"Kama siwezi kuwazuia, basi nizungushie uwanja wangu ua."

"Ua wa mbele?" Kobe akakohoa. "Ua wa nyuma ni wako, mama. Lakini ua wa mbele ni uso wa mtaa. Lazima majirani waukubali mtindo wake. Tutaitisha kikao."

Kikao kikaitishwa. Na waliokaa mbele ni nani? Tembo, Nyati na Ngiri! Wadogo wengine, akina Kanga, Kindi na Panya, walisimama nyuma kule wakichungulia.

Tembo akatangulia, maana mkubwa hangoji zamu. "Mimi nasema mabua. Ua wa mabua ya mahindi unapendeza. Tena uwe mfupi. Ua mrefu ni wa mtu mwenye siri."

Alisema hivyo kwa sababu ua mfupi angeuvuka bila hata kuukunja mguu.

Nyati akadakia, "Na usiwekewe nguzo nene. Vijiti vinatosha. Ua mgumu ni kiburi kwa majirani."

Huyo naye alijua kwamba vijiti vinasukumwa kwa paji la uso tu.

"Na chini uachwe wazi," akasema Ngiri, "upepo upite. Ua usiopitisha upepo unaleta maradhi, nawaambieni."

Yeye upepo wa nini? Alitaka kupita mwenyewe.

Mama Chausiku akasimama. "Na mimi mwenye uwanja siulizwi?"

"Unaulizwa, mama, kwa nini usiulizwe!" akasema Kobe. "Wewe unapenda upi?"

"Ningependa ua wa minyaa."

Nyati aliruka kama kakanyaga kaa la moto. "Minyaa! Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni, unapofuka! Unataka kutuua?"

"Basi nipande mkonge."

"Mkonge!" Ngiri akapiga ukelele. "Mimi nakula nimepiga magoti, uso uko chini, na majani ya mkonge yana ncha kama sindano! Nitoboke macho?"

"Basi nitundike ile mizinga ya marehemu, nyuki wakija wanilindie."

Hapo masikio ya Tembo yalipepea, faa! faa! faa! Mkia ukasimama. "Nyuki? Nyuki mmoja akiingia mkongani mwangu, nani atamtoa? Wewe? Nyuki hapana! Mtaa wa watu wastaarabu na nyuki wapi na wapi!"

"Haya basi," akasema Kobe haraka, shingo imebaki nusu. "Ni mabua, mafupi, vijiti, na chini wazi. Kikao kimekwisha."

Mmeona? Wezi ndio waliochagua ua! Ni sawa na kumwuliza panya angependa chungu kifunikwe vipi.

Mama Chausiku alikwenda akakusanya mabua, akayasuka, akausimamisha ua ule wa kijinga kwa mikono yake. Chausiku akaushangilia, mtoto hajui. "Mama, tuna ua! Mama, sasa nitalala nje mchana!" Akajinyoosha kivulini chini ya mabua, akasinzia.

Puu! Puu! Puu!

"Mtani! Ua wako uko wapi, mbona siuoni?" Tembo akavuka. Nyati akaja mbio, kacha! mabua yakalala chini. Ngiri akapita palepale chini palipoachwa kwa ajili ya upepo.

"Mamaaa!"

Mama Chausiku alitoka ndani kama mshale. Alimkuta mwanawe amelaliwa na mabua, na unyayo wa Tembo umechimbika ardhini kando yake, upana wa kiganja tu kutoka kichwani. Mguu wa nyuma wa Chausiku ulikuwa umeteguka, umegeukia upande usio wake.

"Mmemvunja mwanangu!"

Tembo aliangalia chini, mdomo umejaa kunde. "Aa, hajafa huyo. Kateguka tu. Mtani, si tunataniana?"

"Ucheke kidogo," akasema Nyati. "Huna ucheshi wewe."

Wakaondoka wakicheka. Walicheka, wanangu, na mtoto analia!

Mama Chausiku akaufunga ule mguu kwa vijiti na kamba ya mgomba. Chausiku akauliza, "Mama, nitakimbia tena?" Naye akajibu, "Utakimbia, na utakimbilia hapahapa uwanjani kwetu." Kisha akakaa kizingitini, akatazama kunde zilizosagwa, akawaza. Hasira ilimjaa, lakini hasira ya mdogo isipopata akili humchoma mwenyewe.

Aliwaza juu ya kikao. Wale watatu walikuwa wamemchagulia ua mbaya, kweli. Lakini kwa vinywa vyao wenyewe walikuwa wamemweleza pia ua mzuri ni upi! Na aliwaza juu ya ule upande wa pili wa utani.

Akacheka. Kicheko chembamba, tii-tii-tii.

Akaenda kwa Tembo. Zile alama nyeusi chini ya macho zikamfaa siku hiyo.

"Mtani wangu mkubwa, nimefiwa."

"Umefiwa na nani tena?"

"Na Kunde. Amefariki pamoja na ndugu yake Karanga. Nafanya matanga. Nimepika kande, chungu kikubwa."

Tembo alicheka mpaka machozi yakamtiririka kwenye mkonga. "Matanga ya kunde! Sasa huo ndio utani! Kumbe unaweza! Nitakuja, mtani, nitakuja na tumbo langu lote!"

Nyati akaambiwa hivyo hivyo. Ngiri vilevile. Nao wadogo wote wa mtaa wakaalikwa, na Jumbe Kobe akapewa mkeka wa mbele.

Siku ya matanga uwanja ulijaa. Mama Chausiku alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kama mfiwa kamili. Wale watatu wakafika na vichekesho vyao.

"Poleni na msiba! Marehemu aliacha maganda mangapi?"

"Tumlilie kwa chumvi au bila chumvi?"

Wakakaa, wakala kande. Chwa-chwa-chwa, brrruuu, ngwe-ngwe! Walipomaliza, Mama Chausiku akasimama mbele ya mkeka wa Kobe.

"Jumbe, watani wameshiba?"

"Naona wameshiba, mama."

"Basi msiba una kazi. Makaburi ya marehemu hayajachimbwa."

Tembo akaangua kicheko. "Tuchimbe makaburi ya kunde?"

"Ndiyo, mtani. Alipokufa mume wangu mlikula, hamkuchimba. Leo mmekula tena. Jumbe, nakuuliza mbele ya mtaa: mtani anayekula matanga na kukataa jembe, utani wake unabaki?"

Tembo akamkazia Kobe jicho. Nyati akakwaruza ardhi kwa kwato, krrr. Kobe akavuta shingo, akavuta miguu, akaingiza na mkia. Likabaki gamba tupu juu ya mkeka.

Watu wakadhani mambo yamekwisha. Kisha sauti ndogo ikatoka ndani ya gamba:

"Haubaki."

"Umesemaje?" Tembo akanguruma.

"Utani wake umekatika," ikasema sauti. "Akichukua kitu cha mwenzake tena, ni mwizi. Mila ndivyo inavyosema, si mimi. Mimi nimo humu tu."

Kule nyuma wadogo wakaanza kuimba. Kanga ndiye aliyeanzisha:

*Mtani kala, kaliacha jembe!*
*Mwiteni mwizi, mwiteni mwizi!*
*Mtani kashiba, kaikimbia kazi!*
*Mwiteni mwizi, mwiteni mwizi!*

Wale watatu wakakutanisha vichwa. "Tukikataa, kesho hatuingii kula," akanong'ona Ngiri. "Na vimashimo vya kunde ni kazi gani?" akasema Nyati. Tembo akajinyoosha. "Haya, mtani. Tutachimba. Tuonyeshe."

"Marehemu tumewapanga mstari mmoja," akasema Mama Chausiku, "kuanzia pembe hii ya uwanja mpaka pembe ile, wanaitazama njia. Na juu ya kila kaburi lazima tupande alama, kaburi lisipotee. Mtaingia mmoja mmoja, kwa heshima. Wengine wakae nyuma ya nyumba, kuna ukoko wa kande."

Wakasikia ukoko, wakakubali.

Akaanza Tembo. Wenzake walipokwisha kuzunguka nyuma, Mama Chausiku akamkabidhi mzigo wa vijiti vya kijani.

"Hii si minyaa?" akauliza Tembo.

"Ndiyo, mtani. Wewe ni mkubwa, vijiti vya minyaa vitakufanya nini? Ila Nyati, masikini, unamjua. Ikishika hii, haingii tena humu. Sijui kunde zote hizo zitamwendea nani."

Macho madogo ya Tembo yakameta. "Zitaniendea mimi," akasema taratibu.

"Sijasema mimi hayo."

Lo! Tembo alipanda! Alichoma mashimo kwa pembe, pu, pu, pu, akashindilia kila kijiti kwa unyayo. Alipanda kwa karibu karibu, hata panya asingepenya. Alipotoka, Mama Chausiku akafunika mstari wote kwa majani ya migomba.

Akaingia Nyati. Akapewa miche ya mkonge, ile midogo inayofanana na kishungi cha nanasi.

"Panda hii kwa mbele, mtani. Unakumbuka Ngiri alivyopiga kelele kikaoni? Ati macho yake! Yeye ndiye anayezimaliza karanga kabla hujaamka."

"Mwizi mkubwa yule!" akasema Nyati kwa uchungu wa haki. Akapanda mkonge, brrruuu, safu nzima, ncha zote zimeelekea njiani. Mama Chausiku akafunika.

Mwisho akaingia Ngiri. Mbele yake zimelazwa nguzo, na kwenye kila nguzo umefungwa mzinga wa marehemu.

Ngiri akaunusa mmoja. "Mitupu hii."

"Leo mitupu. Lakini kunde zikitoa maua, mitupu itakuwa imejaa. Na Tembo akisikia vuuu tu, atahama mtaa."

Ngiri akacheka kwa puani, ngwe-he-he. Akachimba kama anayelipwa, akaziinua nguzo kwa kichwa, akashindilia udongo. Mama Chausiku akaifunika mizinga, nayo ikakaa pale kama mikungu ya ndizi iliyovikwa majani.

Basi wote wakakusanyika tena uwanjani. Kila mmoja wa wale watatu anatabasamu peke yake, kila mmoja anamhurumia mwenzake moyoni kwa huruma ya uongo.

Tembo akawaza: Nyati akiona minyaa yangu, ataing'oa. Akapaza sauti, "Jumbe! Alama za makaburi zina mwiko au hazina?"

"Zina mwiko," ikasema sauti kutoka ndani ya gamba. "Kilichopandwa na mtani juu ya kaburi hakiguswi."

"Utangaze!" akasema Tembo.

"Utangaze kwa nguvu!" akasema Nyati, anawaza mkonge wake.

"Utangaze na tuapishwe wote!" akasema Ngiri, anawaza mizinga yake.

Tena wakasukumana nani aape kwanza! Wakaapa mmoja baada ya mwingine, mbele ya mtaa mzima: anayeng'oa alama ya kaburi, utani wake umekatika, na jina lake litaimbwa pamoja na wezi.

"Tumesikia!" wakaitikia wadogo.

"Chausiku," akasema mama, "njoo mwanangu. Funua."

Chausiku akaja akichechemea, mguu umefungwa vijiti. Akayavuta majani ya migomba, chwaaa! Yakaanguka yote.

Mbele, safu ya mkonge. Nyuma yake, safu ya minyaa. Juu, mizinga imening'inia kutoka pembe hata pembe. Katikati pameachwa kipenyo kimoja tu, upana wa digidigi na mtoto wake.

"Nani kapanda minyaa?" Nyati akafoka.

Tembo akatazama mawingu.

"Na hii mizinga?" Tembo akapiga tarumbeta. "Nani kaleta mizinga?"

Ngiri akaanza kujikuna.

"Mkonge!" Ngiri akalia. "Nani kanifanyia unyama huu?"

Nyati akakohoa, brrr.

"Ulitaka niwe kipofu, jitu kubwa wewe!" Nyati akamfokea Tembo.

"Na wewe unaniitia nyuki?" Tembo akamgeukia Ngiri. "Mimi, niliyekuwa nakuachia karanga?"

"Karanga zipi, wakati Nyati..."

"Ng'oa!"

"Ng'oa wewe kwanza!"

"Hakuna kung'oa!" Kobe huyo. Alitoa shingo yote, mpaka ikatetemeka kwa urefu. "Mwiko! Mmeapa wenyewe! Tena mlisukumana!"

Wakamgeukia Mama Chausiku. Tembo alikuwa akihema. "Wewe! Wewe ndiwe uliyetufanyia hivi!"

"Mimi?" akasema Mama Chausiku. "Nimepanda nini mimi? Kijiti gani? Huu ni utani tu, watani wangu. Mbona hamcheki?"

Wale watatu wakarudi nyuma hatua moja.

"Kwangu ulikuwa mtamu, mmeonja wenyewe umekuwa mchungu?" Sauti yake ndogo ikapanda, na hakuna aliyeicheka. "Mlikula chakula cha yatima, nikaambiwa nicheke. Mume wangu nilimzika peke yangu, nikaambiwa nivumilie. Mmemtegua mwanangu mguu, nikaambiwa sina ucheshi. Basi leo chekeni ninyi. Nawangoja."

Wakaondoka, mmoja mmoja, kila mmoja njia yake. Hata kuagana hawakuagana.

Mvua ikanyesha. Minyaa ikachipua ikashikana. Mkonge ukanyanyua visu vyake. Mama Chausiku akapanda kunde upya, zikatoa maua, na siku moja mchana kukasikika vuuuuuu. Nyuki wamehamia. Chausiku akakimbia uwanjani kuwaona, akakimbia kweli, mguu umepona, amesahau kuchechemea.

Nyati alipita njiani, akaangalia minyaa, akafumba macho akaenda zake. Ngiri alijaribu kupiga magoti. "Wii! Pua yangu!" Hakurudi.

Tembo ndiye aliyechelewa kuamini. Asubuhi moja, puu! puu! puu! Akaja mpaka mbele ya ua. Akanyoosha mkonga kidogo juu ya minyaa. Vuuuuu! Faa-faa-faa! Alikimbia mpaka mtoni, akauzamisha mkonga majini, akakaa humo hadi jua likageuka.

Kisha akarudi polepole. Njaa ilikuwa imemshika, na kunde zilikuwa zinanukia. Akasimama njiani, mbali na mizinga. Akakohoa. Mtaa mzima ukachungulia.

"Ho..." akasema. Neno lilikuwa geni kinywani mwake, likamkwama. Akameza mate.

"Hodi," akasema Tembo.

Ndani, Mama Chausiku alikuwa anapepeta mtama. Akaendelea kupepeta.

"Hodi!"

"Mama," akanong'ona Chausiku, "kuna mtu anapiga hodi."

"Nasikia, mwanangu."

"Hodi jamani!"

Nanyi mnajua mila yetu. Mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, hugeuka akaenda zake, wala haruhusiwi kununa. Tembo alingoja, masikio yamesimama. Ndani ya ua ikasikika sauti ya ungo tu, na ya mtoto anayekimbia.

Akageuka akaenda zake.

Basi wanangu, lishikeni hili: mzaha unaowachekesha wakubwa na kumliza mdogo si utani, ni uonevu.